Msiba wa Tuta la Nyambete

Kama mnayo ramani, ikunjeni. Nchi hii haimo. Si kwamba ni ndogo, la. Ni kwamba kila mchora ramani aliyefika mpakani aliambiwa akaache ombi lake dirisha namba nne, na mhusika wa dirisha namba nne mpaka leo yuko semina. Inaitwa Jamhuri ya Songambele. Wananchi wake ni wapole, wamezoea kusubiri tangu tumboni mwa mama zao, maana hata huko miezi tisa ni foleni.

Katika Jamhuri hiyo pana barabara moja nzuri. Serikali inaipenda kama mtoto wa mwisho. Ni nyeusi, imenyooka, ina mistari myeupe, na imepita katikati ya kijiji cha Nyambete kama kisu kwenye papai: nyumba zikabaki upande huu, shule ikabaki upande ule. Walioichora walikuwa wataalamu. Walipoambiwa kwamba kuna watoto mia nne na kumi wanaovuka kila asubuhi kwenda shule, waliutazama mchoro wao kwa makini, mara mbili, wasiwaone. Wakaandika pembeni: "Watoto, hakuna." Wakapiga muhuri.

Basi pale ambapo watoto hawakuwepo ndipo alipokuwa akisimama Mwalimu Stumai.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na miezi tisa, na magoti yaliyomzidi umri. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, alisimama ukingoni mwa lami akiwa na filimbi shingoni na fimbo ya mpera iliyofungwa kipande cha kanga nyekundu, akawavusha watoto. Hakuna aliyemtuma. Siku ya kwanza alimvusha mtoto mmoja aliyekuwa analia. Siku ya pili wakawa sita. Siku ya tatu alichelewa kidogo, akaandikiwa barua ya onyo. Ndivyo mtu anavyopata kazi Songambele: fanya jambo jema mara mbili, la tatu utaulizwa ulikuwa wapi.

Madereva wa nchi ile hawasimami. Si ubaya, ni malezi. Lakini wana adabu ya honi: honi moja maana yake naja, honi mbili nimefika, honi tatu poleni.

Katika watoto wote mia nne na kumi, aliyemzeesha Mwalimu ni mmoja, Nyamizi wa darasa la tatu. Huyu alikuja kutoka juu ya kilima kwa baiskeli ya marehemu babu yake, baiskeli ya mtu mzima. Kwa kuwa miguu haikufika, alipitisha mmoja katikati ya fremu, akaendesha amejikunja upande kama kaa. Nyuma kwenye keria alimpakia mdogo wake Kabula, wa darasa la kwanza, aliyekumbatia kidumu cha maji ya shule. Breki zilikufa kabla ya babu. Nyamizi alifunga breki kwa kandambili, akiiburuza chini, mpaka ya kulia ikabaki nusu, imechongeka kama mwezi mchanga.

Na mteremko ule uliishia barabarani.

Kila siku Mwalimu aliisikia kengele kabla ya kuwaona. Akishaisikia, aliingia katikati ya lami na fimbo juu, hata kabla ya kutazama kama kuna gari, kwa sababu kutazama kungemchelewesha. Nyamizi alipita mbele yake kama upepo wenye nywele, akasema "Shikamoo Mwalimu", na ile "marahaba" ilimkuta yuko upande wa pili. Ndipo Mwalimu alipogundua kwamba alikuwa hajapumua.

Miezi mitatu ilikuwa imebaki astaafu. Hakuhofia uzee, hakuhofia upweke. Alijiuliza jambo moja tu, asubuhi na jioni: kengele ile ikilia na yeye hayupo, nani ataingia barabarani?

*

Alikuwa ameandika barua ishirini na mbili kuomba tuta moja. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani. Ya pili ilijibiwa kwamba aambatanishe ya kwanza. Ya saba ilirudi na swali kama barua ya sita imejibiwa, na ajibu kwa barua.

Tusiseme Wizara ilikaa bure. Ilileta mabango yenye picha ya mtoto anayetabasamu, amevaa kofia ngumu ya baiskeli. Kijiji kizima kiliuliza ni mtoto wa nani, hakikupata jibu. Ilileta vizibao vya kung'aa gizani, vitatu: kimoja cha mwalimu mkuu, kimoja cha msaidizi wake, kimoja cha mgeni rasmi endapo atakuwepo. Ikaleta na waraka unaomtaka kila mtoto, kabla ya kuvuka, atazame kulia, atazame kushoto, atazame kulia tena, halafu awe na nidhamu.

Mwalimu akaona aende mwenyewe mjini, Idara ya Matuta, Alama na Mambo Yanayofanana na Hayo. Alipokelewa na Bwana Lutengano, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa sweta kwenye joto la kukaanga samaki. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya Songambele ni wachache sana. Kazi yao yote hufanywa na watu wazuri.

Ukutani palikuwa na ramani ya barabara, imechomwa pini nyeusi huku na kule. Lutengano alipitisha kidole taratibu.

"Nyambete," akasema. "Nyambete haina pini, Mwalimu."

Mwalimu akauliza pini ni kitu gani. Akafafanuliwa kwa subira. Kila pini ni mwananchi mmoja aliyefariki barabarani. Mahali penye pini tatu hupata tuta. Penye tano hupata tuta lenye rangi. Penye kumi hupata taa, ingawa umeme wake ni wa idara nyingine. Utaratibu ule ulikuwa wa haki, haumpendelei mtu, na ulizuia vijiji kujiombea matuta ya anasa.

"Miaka kumi na tisa, hata pini moja," Lutengano akaendelea, na ilikuwa sifa ya kweli kabisa. "Pale kwako ndipo salama kuliko popote wilayani."

"Ni salama kwa sababu nasimama pale."

Lutengano akaweka kalamu chini. Alisikitika, kama mganga anayempa mtu majibu.

"Hapo ndipo penye tatizo, mama yangu. Unaharibu takwimu."

Kisha akasogea, akapunguza sauti, akampa ushauri ambao hakulazimika kuutoa. Mwalimu angechukua likizo. Wiki mbili, tatu hivi. Barabara ingeonyesha tabia yake halisi, na faili lingetembea lenyewe bila kusukumwa.

Mezani palikuwa na kopo lililowahi kuwa la maziwa ya unga. Lilikuwa na pini. Zilikuwa nyingi bado. Mwalimu akashukuru, maana katika nchi ile mtu hushukuru kwanza, sababu huitafuta njiani, akatoka.

*

Likizo hakuchukua. Homa ndiyo iliyomchukua, wiki iliyofuata, ikamlaza siku mbili.

Habari za siku ya pili aliletewa na Chausiku, aliyekaanga maandazi ukingoni mwa barabara, hatua kumi kutoka pale Mwalimu aliposimama. Chausiku alikuwa mwanamke mwenye ulimi. Ilisemekana hata mafuta yake yalichemka haraka kwa kumwogopa. Siku hiyo aliingia amenyamaza, maandazi manne kwenye karatasi.

Kengele ililia, akasema, na hapakuwa na mtu wa kuinua fimbo. Lori la saruji likapiga honi moja. Chausiku akaacha karai motoni, akakimbia na mwiko wake barabarani. Lori likapiga honi mbili. Nyamizi alipoona kandambili haitoshi, aliitupa baiskeli mtaroni, yeye na mdogo wake juu yake. Kidumu cha Kabula kilikwenda barabarani peke yake. Kilipasuka chini ya gurudumu kwa mlio ambao Chausiku alisema hataki kuusimulia.

"Wapo," akamalizia. "Goti limechanika, gurudumu limekuwa namba nane. Lakini wapo."

Halafu lori likapiga honi tatu, likaenda zake.

Mwalimu, homa mwilini, akaandika barua ya ishirini na tatu. Jibu lilikuja upesi, wiki moja tu, kwa kuwa lilikuwa fupi: "Karibu kufa si kufa. Idara inakutakia afya njema."

Aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya karai la maandazi. Chausiku akageuza andazi moja, akageuza la pili.

"Wewe Mwalimu umesoma mno," akasema, "ndiyo maana unaandika. Sisi tusiosoma tuna majembe."

*

Walilijenga Jumapili alasiri. Wanaume walileta majembe, wanawake wakaleta maneno na kisha wakachukua majembe. Watoto walibeba kifusi kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kofia. Nyamizi, goti limefungwa kitambaa, alipewa kazi ya kushindilia kwa kurukaruka, akaifanya kwa moyo wote, na Kabula akawa anamhesabia mpaka mahali anapojua, yaani kumi na nne.

Tuta lenyewe halikuwa zuri. Lilikatiza lami kutoka ukingo hadi ukingo, upande mmoja mnene kuliko mwingine, kama ng'ombe aliyelala akaota ndoto mbaya. Jumatatu asubuhi gari la kwanza likaja. Honi moja. Honi mbili. Kisha likatokea jambo ambalo Nyambete haikuwahi kuliona: mguu wa dereva ukatoka kwenye pedali moja, ukaenda kwenye nyingine.

Mwalimu Stumai akakaa. Chausiku alimsogezea kigoda, akampa chai, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mwalimu akaitazama asubuhi bila kuipigia filimbi. Akagundua kwamba ukikaa pale unakiona kilima chote, na njia nyembamba inayoteremka, na baiskeli ya Nyamizi tangu ikiwa nukta.

Tuta lile liliishi siku kumi na tisa. Siku moja kwa kila mwaka aliosimama, ingawa hakuna aliyelipangia.

*

Siku hizo kilikuwa kimetangazwa kilele cha Wiki ya Usalama wa Mtoto Barabarani. Mgeni rasmi angekuwa Waziri wa Mwendo na Maendeleo, Mheshimiwa Profesa Kidumbwe, ambaye angepita Nyambete kwenda kuhutubia uwanjani, mji wa pili. Kaulimbiu ilikuwa: Mtoto Kwanza.

Songambele wana desturi moja ambayo wageni huishangaa. Mkubwa akitaka kupita mahali, mahali hapo huandaliwa ili asione mahali hapo. Miti hupakwa chokaa kiunoni. Mashimo hufukiwa mpaka Alhamisi. Na kwa kuwa mgongo wa mkubwa hubeba mawazo ya taifa, kila kilichoinuka barabarani hulazwa.

Greda lilikuja mchana, siku mbili kabla. Dereva wake hakutoa hata mkono kwenye usukani. Alipita mara moja, akarudi mara moja. Pakabaki kovu la udongo mwekundu juu ya lami, na vumbi.

Watoto walikuwa darasani. Mwalimu alilisikia greda, akatoka, akalikuta tuta limekwisha. Chausiku alikuwa amekaa chini, si kwenye kigoda, chini hasa, miguu ameinyoosha mbele, mikono kichwani. Mwalimu akamwambia ainuke, jua kali.

"Siinuki. Nimefiwa."

"Acha mzaha, Chausiku."

"Mzaha uko wapi? Limekufa au halijafa?"

Mwalimu akatazama lami. Ilikuwa sawasawa kama maji ya mtungini.

"Limekufa," akasema.

"Unalia au hulii?"

Mwalimu Stumai, ambaye hakuwahi kusema uongo mbele ya wanafunzi, akapitisha kiganja usoni. Kikarudi kimelowa. Kwa hiyo akakaa chini naye.

Sasa elewa msiba ni nini Songambele. Katika nchi ile gari linaweza kumpita mgonjwa, mjamzito, askari, hata hakimu na joho lake. Lakini turubai la msiba halipitwi. Hata mwizi anayekimbizwa, akikuta msiba husimama, husema poleni, na wanaomkimbiza husimama nyuma yake wakisubiri zamu yao ya kusema poleni. Kufikia jioni turubai lilikuwa limetandazwa juu ya barabara, kamba huku kwenye nguzo ya bango la mtoto mwenye kofia ngumu, kamba kule kwenye mti wenye chokaa. Mikeka ikatandikwa. Gogo likawashwa, wanaume wakalizunguka na nyuso za kiume. Ubwabwa ukapanda jikoni. Waliokuja kwa utani wakalia kweli walipofika, maana kila mtu ana tuta lake moyoni.

Na magari, kwa siku mbili, yakasimama. Madereva wakashuka, wakavua kofia, wakasema poleni, wakaambiwa tumeshapoa, wakazunguka taratibu kupitia njia ya ng'ombe.

*

Siku yenyewe watoto walipangwa ukingoni tangu saa moja asubuhi na vibendera vya karatasi. Kaulimbiu ni Mtoto Kwanza, kwa hiyo watoto ndio waliofika kwanza. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu, akafika saa nane.

Ving'ora vilisikika kabla ya vumbi kuonekana. Pikipiki mbili, magari kumi na manane, yote yanakwenda kasi ya mtu anayekimbilia kuhubiri polepole. Kisha pikipiki ya mbele ikaliona turubai. Ikapunguza. Na nyuma yake, gari moja moja, kama sentensi inayotafuta nukta, msafara wote ukasimama.

Waziri hakuwa na la kufanya. Mkubwa anayepita msiba bila kushuka hapigiwi kura tena mpaka kiama, na pale palikuwa na kamera tatu. Akashuka. Tena nchi ile mkubwa haulizi nani amekufa. Akiuliza atajulikana kwamba hajui. Kwa ajili hiyo kila mkubwa ana hotuba moja ya msibani, iliyokatwa kwa kipimo cha maiti yeyote.

"Ndugu wafiwa," akasema, "marehemu nilimfahamu."

Wanawake wakainua vichwa.

"Alikuwa wa watu. Alisimama imara. Hakumpendelea tajiri, hakumdharau maskini. Wote aliwapokea sawasawa. Wengi walimjia wakiwa na haraka, akawafundisha upole. Aliwaunganisha watu wa upande huu na wa upande ule. Ameondoka, na pengo lake tunaliona."

Wote wakaligeukia kovu la udongo, wakaliona. Baadhi ya wanawake walijifunika kanga, mabega yanacheza. Na ukiwa mbali huwezi kujua, kwa sababu kucheka na kulia hutikisa mabega yale yale.

Kisha Waziri akainama kumpa mkono mfiwa mkuu. Aliyekaa mbele kabisa, macho mekundu, alikuwa Mwalimu Stumai.

"Alifanya kazi gani?" akauliza kwa sauti ya chini, na hapo alikuwa mtu tu, amechoka na safari.

"Alikuwa akivusha watoto, Mheshimiwa. Alinipumzisha miguu."

"Nini kilimpata?"

"Greda. Juzi mchana."

"Ajali mbaya," akasema Waziri, na msaidizi wake akaandika: greda.

Kamera zilikuwa zinatazama. Waziri akanyooka, akatangaza kwamba Serikali itamzika marehemu. Hapa hapa alipoangukia. Kwa saruji. Watu wakasahau kwamba ni msiba, wakapiga makofi, na makofi kwa mkubwa ni kama mafuta kwenye moto. Akaongeza kwamba kaburi hilo lisiguswe na mtu yeyote, wa cheo chochote, bila ridhaa ya maandishi ya ndugu wa karibu. Halafu akapanda gari. Msafara ukageuka ukapitia njia ya ng'ombe, taratibu, ukiwapungia watoto waliosimama saa saba juani kwa ajili ya usalama wao.

*

Ahadi ya msibani haivunjwi. Baada ya siku nne akaja Bwana Lutengano, sweta lake, futi yake, na Fomu ya Mazishi ya Kiserikali. Alimkuta Mwalimu barabarani na fimbo, maana turubai lilikuwa limeanuliwa na magari yamerudia malezi yao.

"Urefu wa marehemu?" akauliza, kalamu tayari.

"Mita saba na nusu."

Kalamu ikasita. Lutengano akamtazama Mwalimu. Akatazama lami. Akalitazama kovu la udongo mwekundu lililokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Wakati huo Nyamizi alikuwa anapita, anaisukuma baiskeli yenye gurudumu la namba nane, na Kabula nyuma yake anachechemea kwa kumwigiza dada. Lutengano aliwatazama mpaka wakaingia geti la shule. Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika mtu anachokiona.

"Alikuwa mrefu," akasema.

"Sana."

"Upana?"

"Mita tatu kasoro."

"Kimo? Akiwa amelala."

Mwalimu akainama kwa taabu, akagusa mguu wake katikati ya muundi. "Hapa."

Lutengano akaandika. Aliandika polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mwisho akauliza, kwa kuwa fomu iliuliza, kichwa kielekee wapi.

"Kichwa kijijini, miguu shuleni. Ndivyo alivyoishi."

Mafundi walifanya kazi siku tatu. Walipouliza rangi, wafiwa wakasema marehemu alipenda mistari, nyeupe na nyeusi.

Ikawa dereva anayefika Nyambete huvua kofia, huzima muziki, hulipanda kaburi kwa adabu gurudumu moja baada ya jingine, na kushuka upande wa pili akinong'ona samahani. Wengine walisema hata sala. Waliomsalia marehemu walikuwa wengi. Watoto walio hai, wanaopita pembeni na madaftari yao, hakuna aliyewatazama. Lakini Mwalimu alikuwa amechoka mno, hakuweza kudai vyote viwili.

*

Alistaafu siku ya Ijumaa. Walimpa kitenge, hotuba, na saa ya ukutani, ili ajue ni saa ngapi hatakiwi popote. Jumatatu miguu ikamwamsha kwa mazoea. Akaenda, bila fimbo, akakaa kwenye kigoda cha Chausiku.

Alikuwa hajamaliza chai Lutengano alipofika. Alishuka kwenye gari la Idara ng'ambo ya kaburi, akaja kwa miguu na bahasha. Alikataa andazi, akakataa tena, akalichukua. Kisha akaeleza. Mwezi ujao angepita Mheshimiwa Mkubwa Zaidi, mkubwa kuliko Waziri, na njia ya ng'ombe imelimwa mahindi. Hivyo basi marehemu alihitaji kuhamishwa kwa heshima zote. Akatoa Fomu ya Ridhaa ya Ndugu wa Karibu. Palikuwa na nukta nukta za saini.

Mwalimu akavaa miwani, akaisoma yote, mbele na nyuma, kama anayesahihisha.

"Kuna msafara uliowahi kuumia hapo?"

"Bado," akasema Lutengano.

"Hata mmoja?"

"Bado, mama yangu."

"Basi takwimu zinasema ni salama. Rudi ikifika mitatu."

Chausiku aligeuza uso kuelekea karai. Lutengano akatoa pumzi puani, ikawa nusu ya kicheko, akatafuna. Hata hivyo alikuwa ametumwa na neno moja zaidi, na mtu aliyetumwa hulifikisha. Ile ajali ya greda iliandikwa rasmi. Kwenye ramani, Nyambete sasa ilikuwa na pini moja. Akaitaja pini ile bila kumtazama mtu.

"Zikipatikana mbili tu zaidi," akasema, "mtapewa tuta halisi, la Serikali. Hamtahitaji kaburi tena."

Kutoka juu ya kilima kengele ikalia.

Mwalimu alikuwa ameinuka nusu kabla hajajua kwamba ameinuka, mkono unatafuta fimbo ambayo haikuwepo. Lori lilikuwa linakuja. Likapiga honi moja. Kisha kofia ikatoka kichwani mwa dereva, muziki ukazimika, na lori likaja likijikokota mpaka kwenye mistari. Nyamizi akateremka, gurudumu limenyooshwa, mguu katikati ya fremu, kandambili inaburuzika, Kabula nyuma amekumbatia kidumu kipya. Wakakatiza mbele ya lori lile lililonyenyekea. Hawakumtazama dereva, hawakumtazama Mwalimu, hawakumwamkia mtu. Walikuwa wanabishana nani kasahau rula.

Mwalimu Stumai akaketi tena. Akaikunja fomu, haina saini, ina doa la mafuta ya andazi, akamrudishia mwenyewe.

"Hao wawili, Bwana Lutengano," akasema, "sisi hatuna haraka nao."